Nyeupe Chini ya Gome

Watu wa kwetu Wamaza walimwita Monitere, na mimi sikumwita jina lingine hata siku moja. Cheo hicho alikipata zamani, serikali ilipomtuma kufundisha wakulima, na serikali ilipomsahau cheo kikabaki. Ofisi hakuwa nayo, pikipiki hakuwa nayo. Alikuwa na kisu kifupi na kibiriti kilichofungwa kwenye kipande cha plastiki kisilowane, vyote katika mfuko mmoja wa shati. Kibiriti kilikuwa cha kusafisha kisu. Ukimwona anatoa kisu bila kibiriti, ujue anataka kumenya chungwa.

Siku hizi watu wa Kasongo wananiuliza habari za kahawa, kwa hiyo naona nimwandike kama nilivyomjua. Mtanisamehe nikisema mambo makavu. Moyo wangu kwa mambo ya miaka ile ulikaa umekufa ganzi siku nyingi, na sijui kuyasema kwa namna nyingine.

Alipofika shambani kwa mtu alisalimu kwa utaratibu wote, akaulizia watoto, akaulizia mbuzi. Mwenye shamba alitaka kumwonyesha majani: haya yamegeuka manjano, haya yamejikunja. Yeye alitikisa kichwa.

"Musiniambie majani. Muniambie ndani."

Kisha alipiga magoti chini ya mkahawa, akapitisha kisu kwenye moto wa kibiriti, akakwangua gome karibu na ardhi, sehemu ndogo tu kama ukucha wa kidole gumba. Mti mzima ni mweupe pale ndani, kama muhogo uliomenywa. Akiona weupe alisimama, akapangusa magoti, akaomba maji ya kunywa. Akiona mstari mweusi wenye rangi ya wino wa buluu ndani yake, alibaki amepiga magoti. Tulijifunza kusoma magoti yake. Kabla hajafungua kinywa sisi tulikuwa tumeshajua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na hila. Mti ulianza kukauka upande mmoja, majani yakadondoka upande huo, na wa pili ukafuata polepole. Lakini kabla ya kufa ulifanya kitu kimoja kilichotudanganya wote: ulikomaza matunda yake yote kwa mara moja, nje ya majira, yakawa mekundu tawi zima.

Mume wangu alikuwa mwepesi wa kufurahi. Asubuhi hiyo aliniita kwa sauti tangu shambani.

"Mama Zuhura! Kuja uone! Kawa imeiva yote!"

Nilikwenda, nikaona, nikafurahi pia. Alikuwa anapita katikati ya miti akigusa matunda kwa viganja, huku anapanga mabati ya nyumba, mabati ya jiko, na kitambaa changu cha Idi. Monitere alitukuta katika hali hiyo. Hakucheka nasi. Alipiga magoti, akakwangua, akabaki palepale chini.

"Baba Zuhura, hii muti iko nakufa. Iko nasukuma watoto inje mbele ya kufa."

"Monitere, weye unaonaka mubaya kila fasi."

"Sioni mubaya. Naona rangi."

Mume wangu alivuna matunda yale hata hivyo. Yalikuwa matupu ndani, ganda na maji.

Kwetu hakuna anayelima peke yake. Kuna zamu. Kikundi cha majirani kinaingia shamba la huyu leo, kesho la yule, kila mmoja na panga lake, na mwenye shamba anapika. Zamu ilikuwa heshima yetu. Mjane hakuachwa kwenye majani, mgonjwa hakupoteza msimu. Tulifyeka chini ya kahawa huku tunaimba, na panga likigonga shina kidogo, nani angehesabu hilo kuwa ni kitu?

Monitere ndiye aliyeona kwamba kifo cha miti kilifuata njia ya zamu. Kiliingia shamba lililolimwa kwanza, kikaenda kwa aliyefuata, kikaruka mashamba ya kando ya barabara ambayo wenyewe hawakuwa kwenye zamu, kikaendelea mbele kama mtu anayejua anakokwenda. Alitueleza wakati wa kula, sahani ziko katikati. Alisema ni kuvu, kama ile inayoota kwenye unga uliolowa, ila hii haionekani kwa macho. Inaingia kwa kidonda cha gome. Inasafiri kwenye panga.

Mkubwa wa zamu alirudisha tonge kwenye sahani.

"Kwa hiyo weye unasema mikono yetu njo maladi, njo ile ugonjwa?"

"Hapana, baba. Mikono iko safi. Mupanga njo haiko safi."

"Na mupanga iko ndani ya mukono ya nani?"

Tulimaliza kula, kila mtu akachukua panga lake akaenda. Zamu iliyofuata hawakumwita, na ninaelewa kwa nini. Kumwambia mtu kwamba wema wake ndio ulioua shamba la jirani ni kumpa mzigo asioweza kuutua mahali popote.

Alikuja bila kuitwa. Aliwasha moto ukingoni mwa shamba, akaketi. Watu walimpita na mapanga yao. Aliwasha tena kwenye shamba lililofuata, wakampita tena. Kisha siku moja alikuja na mahindi mabichi na karanga, akachoma, na harufu ikatufikia kabla hatujafika. Nani atapita mahindi ya kuchoma asubuhi, tumbo tupu? Tulikusanyika pale. Yeye akawa anauliza kila mtu kwa upole:

"Wakati unatafuna, mupanga iko na kazi gani? Iweke pa moto."

Ikawa desturi. Hakuna aliyeingia shambani bila kupita kwenye moto wa Monitere, na yeye alipochoka kuleta mahindi watu walileta ya kwao. Baada ya muda wengi walisahau sababu. Kuna waliosema panga lililopita motoni linakata vizuri zaidi. Wengine walisema ni baraka ya siku. Nilimuuliza kama hilo halimuudhi.

"Wafikiri vile wanataka," alisema. "Kuvu haiulizake mutu anafikiri nini."

Lakini msidhani alikuwa mtu wa subira kwa kila jambo. Mtu akichelewa kwenye mkutano alimgombeza mbele ya wote, hata awe na mvi. Miche ndiyo aliyoivumilia. Aliweza kuchuchumaa mbele ya mche mmoja nusu asubuhi bila kusema neno. Alifundisha kahawa maisha yake yote na hakuinywa kamwe, eti inampiga moyo. Alikunywa majani ya mchaichai, bila sukari, na kila mwenyeji aliyemkaribisha kahawa alimkataa kwa maneno yaleyale, "Mi naichunga tu." Na alikuwa na kiburi cha shule. Kitu ambacho hakukisoma alikicheka kwanza, akakifikiria baadaye. Hapo ndipo alipogongana na mama mkwe wangu.

Mama mkwe alikuwa mfupi sana. Aliongea Kiswahili na watu na Kibangubangu na miti yake. Nyuma ya jiko alikuwa na mstari wake wa kahawa, na kwa kuwa hakuyafikia matawi ya juu, aliinamisha mashina tangu yakiwa machanga, akayafunga kwa kamba ya gome kwenye vigingi, mpaka mti mzima ukawa umelala kama mzee anayetafuta kitu chini. Chini yake alipanda karanga. Kwa ajili ya karanga hizo hakuna panga lililoruhusiwa kuingia. Majani aling'oa kwa vidole, na ardhi aliifunika kwa maganda ya mpunga. Mbuzi akikwaruza shina, alipaka majivu ya jikoni.

Shamba letu kubwa lilikufa, mashamba ya majirani yakafa, mstari wa nyuma ya jiko ukabaki kijani. Mama mkwe alisema ni majivu.

"Mama, majivu ni ya sabuni," Monitere alimwambia, akacheka kabisa. "Muti yako iko muzima juu ya hii: haikukatwa. Hakuna mulango, kuvu itapita wapi?"

"Weye ulikuwa hapa ao ulikuwa kwa vitabu?"

"Mama, nakuambia na heshima."

"Na heshima iko nacheka?"

Msimu mzima wa mpunga mama mkwe hakumjibu salamu yake ila kwa kichwa. Monitere aliendelea kusalimu. Alikuja kila mara kutazama mstari ule, anasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

Sasa, mkahawa ulioinamishwa unatoa machipukizi mgongoni, yanayosimama wima kuelekea juu. Mama mkwe aliyaita wezi. Aliyavunja kila alipoyaona, akayatupa kwa mbuzi. Siku moja Monitere alipita zizini akakuta rundo la wezi hao bado mabichi, akasimama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Mama, hizi unatupaka?"

"Ni wezi. Wanakula nguvu ya matunda."

"Mama. Hii njo mbegu."

Alitueleza akiwa amekaa chini kabisa, suruali kwenye samadi. Tawi la pembeni ukilipanda linatambaa tu, haliwi mti. Chipukizi linalosimama wima ndilo linalotoa mti kama mama yake, na kama mama yake hakufa pale wenzake wote walipokufa, huenda damu yake ina kitu zaidi ya kukosa kidonda. Shuleni walifundishwa kukata shina zima ili machipukizi hayo yatoke. Nani angekubali kukata shina zima wakati mistari yote imekufa? Na hapa bibi mfupi, kwa kutaka tu kufikia matunda yake, alikuwa na machipukizi kila wiki na mti wake unaendelea kuzaa. Alikuwa nayo miaka yote, anayalisha mbuzi.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi uyachukue," alisema. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yao.

Mara ya kwanza Monitere alifanya kama alivyosoma: mchanga, plastiki juu, kivuli. Plastiki ilikuwa moja na kuukuu, na jua la Wamaza halikuisoma shule yake. Yote yakawa meusi. "Nimeyapika," alisema mwenyewe. Mara ya pili mama mkwe alimpeleka mtoni, mahali alipokuwa anahifadhi mbegu zake za magimbi, chini ya kivuli cha makuti ya michikichi. Aliketi akakunja maganda ya mgomba kuwa vikombe, akayajaza mchanga wa mto na udongo wa majani yaliyooza. Yeye alishikilia vikombe vyake na mto wake. Monitere alishikilia kisu kipite motoni na kila jani likatwe nusu lisinywe maji yote. Waligombana kuhusu kumwagilia, waligombana kuhusu kivuli. Baadhi ya machipukizi yalioza. Mengine, siku mama mkwe alipofungua kikombe kimoja, yalikuwa na mizizi myembamba, myeupe, kama nyuzi za shuka. Hata hivyo kila mmoja alisema ni kwa sababu yake.

Ilibaki kuchoma. Monitere alisema miche haitakuwa na ardhi mpaka miti iliyokufa ing'olewe na kuchomwa palepale iliposimama. Hilo lilikuwa gumu kuliko panga. Mkahawa mkavu ni kuni nzuri, na wanawake tulikuwa tunazibeba nyumbani kupitia mashamba ya watu, vipande vinadondoka njiani na kuvu yake. Nani atachoma kuni nje wakati jiko linazitaka? Hakuna aliyeanza, kwa hiyo alianza yeye. Miti yake ilipandwa na mkewe, ambaye alishafariki. Aling'oa yote, akalundika, akawasha, akaketi kando mpaka ikawa majivu mtu asije akachukua hata kijiti. Waliopita walimtania, "Monitere analinda maiti!"

"Hii maiti iko natembea," alijibu. "Njo nailinda."

Baada yake tulichoma na sisi. Mume wangu alifanya kazi hiyo. Jioni aliingia ananuka moshi, akaosha mikono, akaniambia anakwenda Salamabila kwenye dhahabu.

"Hii kawa bado mutoto. Itaanza kuzaa, itanikuta nimerudi."

Nilitaka abaki. Sikutaka kitu kingine maishani kuliko hicho, na miche ile ya mtoni niliitazama kwa sababu hiyo tu: ikikua, mume wangu yuko nyumbani. Nilimwendea Monitere azungumze naye, akaja. Waliketi uani.

"Baba Zuhura, ungoje. Miti iko."

"Nangojea. Lakini tukule nini wakati tunangojea?"

Monitere alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavirudisha. Kesho yake mume wangu alipanda pikipiki akaenda.

Habari ililetwa na mwenye pikipiki mwingine, anatoka Salamabila. Shimo lilianguka. Walimzika kulekule. Nilikuwa napepeta mpunga. Nilimsikiliza, nikamwambia akae, nikamalizia kupepeta uliobaki kwenye ungo. Mama mkwe alipiga kelele, watu wakajaa, nikapika. Niliungojea uchungu kama unavyoungojea ugonjwa ambao wote nyumbani wameshaupata, nao haukuja. Nilikuwa nasikia kila kitu kwa mbali. Watu walisema nina moyo wa nguvu. Haikuwa nguvu.

Monitere alikuja, akaketi na wanaume. Kisha akaondoka akaenda mtoni, na watu wakaniambia alikuwa anang'oa majani kwenye miche, kwa vidole, mche mmoja mmoja, mpaka jua likashuka. Alirudi, akaomba maji, akanywa, akaenda. Nilimchukia siku ile. Miche ilikuwa hai, ndiyo sababu.

Haikupita muda bunduki zikaingia upande wetu na tukatawanyika. Nilikuja Kasongo kwa kaka zangu, mimi na binti yangu Zuhura na mama mkwe, ambaye alifika amechoka na hakuamka tena vizuri mpaka Mungu alipomchukua. Sikumlilia na yeye, ingawa nilimpenda. Habari za Monitere nilizisikia kwa wapita njia tu: kwamba siku ya kukimbia, watu wakibeba magodoro na masufuria, yeye alijitwika kapu la vikombe vya maganda ya mgomba, akawa anawaomba watu njiani wasimgonge.

Mwaka huu Zuhura alirudi kutoka sokoni akaniambia kuna mzee kwenye barabara ya Kabambare, mwisho wa nyumba, anamuulizia Mama Zuhura kwa kila anayepita. Nilikwenda. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya kibanda, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nyuma yake kulikuwa na mikahawa iliyoinamishwa kwa kamba kwenye vigingi, kama ile ya nyuma ya jiko letu. Na ilikuwa myekundu. Miti yote, tawi zima.

Nilisimama nikaona wekundu ule, nikasikia sauti ya mume wangu inaniita.

"Njo weye, Mama Zuhura?" Monitere aliuliza, amesikia hatua zangu.

"Ni miye, Monitere. Habari ya siku mingi."

"Nzuri kidogo." Hakuulizia mtoto, hakuulizia mbuzi. "Jirani wanakuja kila siku kunipongeza. Wanasema imeiva. Mi naona wekundu tu, sioni ndani. Na kwa hawa siwezi kuomba, hawajue kitu ya kutazama. Watakwangua, wataniambia nzuri juu ya kunifurahisha."

"Unataka miye?"

"Weye hautanidanganya. Kama iko mubaya, leo hii tunachoma."

Alinipa kisu. Kilikuwa kilekile. Alinipa na kibiriti. Mti mmoja aliuchagua kwa kupapasa, ule wa mwanzo kabisa, uliotoka Wamaza ndani ya kapu kichwani mwake. Nilipiga magoti, nikapitisha kisu motoni, na mkono wangu ulijua kazi ingawa sikuwahi kuifanya. Kwa miaka yote ile yeye ndiye aliyetuambia tusiumize gome, na njia ya kujua mti ni mzima ikawa hiyo moja tu, kuuumiza kidogo. Nilikwangua kama ukucha wa kidole gumba.

Sikuweza kusema. Nilikuwa nimeona. Kitu nilichokingojea kwenye ungo wa mpunga kilikuja hapo, chini ya mti usio wetu, na machozi yakaanguka juu ya kisu. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Yeye alikuwa anasikiliza.

"Mama Zuhura," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Juu ya nini hausimame?"

Ndipo nilipokumbuka maana ya magoti.

"Nyeupe," nilisema haraka. "Ni nyeupe, Monitere. Kama muhogo."

"Kwangua upande mwingine."

Nilikwangua. "Nyeupe."

"Sasa unalilia nini?"

"Baba Zuhura."

Alipapasa tawi, akachuma tunda moja, akalibinya kati ya vidole mpaka punje mbili zikatoka, nzito, zina utelezi wake. Alizigeuzageuza kwenye kiganja.

"Basi imeiva tu," alisema.

Kisha akanikumbusha kwamba nimeuacha mti na vidonda viwili, nimefanya vizuri lakini siwezi kuuacha hivyo. "Kuko majivu pa jiko. Leta."

"Monitere, weye ulisema majivu ni ya sabuni."

"Leta tu. Mama ile mukwe wako akiniona naacha bila kupaka, hataniitikia."

Nilileta kiganja kimoja, yalikuwa bado na joto la asubuhi. Nilipaka kidonda cha kwanza, nikapaka cha pili. Kisha nikasimama, nikapangusa magoti, nikamwomba maji ya kunywa.